Wadudu wa Mama

Wiki iliyopita binti yangu alipata kipaimara, na nyumba yetu hapa Bunda ikajaa maua. Baada ya sherehe niliyakusanya yote nikayatumbukiza kwenye ndoo nyuma ya jiko, nikayasahau. Jana nilipokwenda kuyamwaga, mashina yalikuwa yameozea majini, na harufu iliyopanda kutoka kwenye ndoo ile ilinikalisha chini kwenye ngazi. Ilikuwa harufu ya magugu maji. Nyie mliokulia kando ya ziwa miaka ile mnaijua. Si harufu ya tope, wala si ya samaki aliyelala. Ni kitu kibichi kinachooza huku bado kinaota.

Tulikuwa tunakaa Makoko, pale Musoma, karibu sana na mwalo ambako mitumbwi ilikuwa inatia nanga. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huku Bunda, tukawa tunamwona mwisho wa mwezi. Mama alikaanga samaki akauza mwaloni. Dada yangu mkubwa, Nyamisi, alikuwa ameolewa ng'ambo ya ghuba, Kinesi. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Maiga aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema.

Magugu yalipoanza kuja tuliyapenda. Yalikuja vipande vipande, vijisiwa vya kijani vyenye maua ya zambarau, na sisi watoto tulikuwa tunayachuma tunawapelekea walimu. Kisha siku moja tuliamka ziwa halipo. Kuanzia kwenye mawe ya mwaloni mpaka mbali ambako macho yalichoka, palikuwa majani matupu, yanapanda na kushuka taratibu, kama kuna mtu amelala chini ya blanketi anapumua. Kuku wa jirani alishuka kuchakura akazama. Mitumbwi ilibanwa. Sangara na sato wakawa wa kusikia tu, Mama akawa anakaanga dagaa, tena wachache. Nyoka walijificha humo, na wanawake waliokwenda kuchota maji walikuwa wanatanguliza fimbo.

Kila Jumamosi kila nyumba ilitoa mtu mmoja na panga lake. Watu waliingia majini mpaka kiunoni, wakakata, wakavuta, wakarundika marundo yaliyozidi urefu wa mtu mzima. Jumapili tulikwenda kanisani mikono ikiwa na harufu. Jumatatu upepo uligeuka, ukaleta mengine.

Ndipo akaja Edina. Alikuwa msichana mtaalamu wa kilimo, mwembamba, anaendesha pikipiki na kuvaa buti za mpira, na Makoko nzima ilitoka kumtazama. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano mwaloni, watu wakakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Edina akafungua kopo, akakung'utia kiganjani mdudu mmoja mweusi, mdogo kuliko punje ya mahindi, mwenye mdomo uliochongoka.

"Huyu ni mbawakavu," alisema. "Anakula gugu maji, na mtoto wake anatoboa shina kwa ndani. Hali kitu kingine. Tukiwazalisha wakawa wengi, tukawaachia ziwani, watatusaidia kazi ambayo mapanga yameshindwa."

Mzee mmoja akasimama. Alikuwa Mzee Makuru, aliyekaa mlimani juu ya nyumba zetu na shamba lake la mihogo. Alikuja zamani kutoka upande wa Butiama, akaja na maksai wake, na nusu ya mashamba ya pale yalilimwa na jembe lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walinyamaza akisimama.

"Binti," alisema, "mimi nimefugaga ng'ombe tangu sijaota ndevu. Sijawahi kuona mnyama aliyemaliza majani ya mahali, halafu akakaa chini akubali kufa na njaa. Hawa wakimaliza magugu watakula nini?"

"Watakufa, mzee."

"Wamekuambia hivyo?"

Watu walicheka, hata Edina alicheka. Mimi sikucheka. Swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Ilitakiwa nyumba yenye kivuli na iliyo karibu na maji, na Mama akanyoosha mkono. Siku mbili baadaye yakaletwa mabeseni sita makubwa, yakapangwa pembeni ya jiko chini ya kibanda cha makuti, yakafunikwa vyandarua. Kazi ya Mama ilikuwa kuwapa wadudu magugu mabichi, kutoa yaliyooza na kuongeza maji. Nilimwona akibadilika. Yule mwanamke aliyekuwa anahesabika kama mmoja wa wakaanga samaki sasa alikuwa anasimamishwa njiani kuulizwa maswali. Watu walianza kumwita Mama Wadudu, naye alikuwa anaitika huku akitabasamu.

Mimi nilikuwa nachuchumaa kando ya mabeseni kila nikitoka shule. Mchana wadudu walijificha kwenye vikonyo, usiharakishe ukadhani hawapo. Lakini alama zao ulikuwa unaziona. Jani lililokuwa laini asubuhi, jioni lilikuwa na vidoa vidogo, vya rangi ya majivu, vimetapakaa kila mahali, na kila siku vidoa viliongezeka mpaka jani likakauka likajikunja. Nilikuwa nikihesabu majani yaliyobaki. Nilimwuliza Mama, "Yakiisha haya?" Akasema, "Tutaleta mengine." Halikuwa jibu la swali langu.

Joto la mwaka ule lilikuwa kali, na Mama alikuwa anamlaza Maiga kwenye mkeka pale kibandani kwa sababu ndipo palipokuwa na ubaridi. Asubuhi moja Maiga aliamka analia. Mama alipomvua shati niliona mgongo wake. Vidoa. Vidogo, vya mviringo, vimetapakaa mgongoni, tumboni, mpaka nyuma ya masikio.

Jirani yetu alichungulia kutoka uani kwake. "Hiyo ni tetekuwanga," alisema. "Usimwogeshe maji ya baridi."

Sikuwa nimelisikia neno lile. Nilichosikia mimi ni kuwanga, na kuwanga nilikujua, nilijua ni kazi ya wachawi. Nikalipanga lote kichwani mwangu, na lilipangika vizuri sana. Majani ya mabeseni yalikuwa yamepungua siku ile, Mama alikuwa hajaleta mengine, na mtoto alilazwa jirani na wadudu. Mzee Makuru aliuliza watakula nini, na sasa jibu lilikuwa limeandikwa mgongoni kwa Maiga.

Ningemwuliza Mama. Mpaka leo najiambia hivyo. Lakini Mama alikuwa anawapenda wale wadudu, na nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikuweza kuitamka.

Mchana Mama alimbeba Maiga mgongoni akaenda naye zahanati, mimi akaniacha kulinda nyumba. Nilikaa kizingitini mpaka khanga yake ikapotea kwenye kona. Kisha niliingia jikoni, nikachukua chupa ya mafuta ya taa, nikanyanyua vyandarua kimoja kimoja, nikamimina. Mafuta yalitanda juu ya maji yakatoa rangi za upinde wa mvua. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu wakaanza kutoka kwenye vikonyo, wengi, sikujua kama walikuwa wengi vile, wakapanda mashina wakielekea juu, wakafika ncha ya jani, wakakosa pa kwenda, wakaanguka. Nilisimama pale mpaka wa mwisho niliyemwona akatulia. Nikajaza maji kwenye ile chupa nikairudisha mahali pake. Jioni taa ilirusha cheche ikazimika, na Mama akamlaumu mwenye duka kwa kutuuzia mafuta ya kuchanganya.

Aliwakuta asubuhi. Nilikuwa kitandani, nikasikia ndoo imewekwa chini. Nilipotoka alikuwa amepiga magoti, amezamisha mkono kwenye beseni mpaka kwenye kiwiko, anapapasa chini kama mtu anayetafuta pete. Edina alipofika alichovya kidole, akakinusa.

"Mafuta ya taa," alisema. Akakaa chini udongoni na suruali yake ya kazi. "Jumamosi hii ndiyo tulikuwa tuwaachie, Mama. Jumamosi hii."

Maiga, kwa upande wake, alipona. Siku zilivyopita vidoa vilikauka vikadondoka, akaanza kukimbiza kuku tena. Mtaelewa basi kwa nini sikusema kitu. Niliamini nimemwokoa. Nilikuwa natembea na siri yangu kwa hofu, ndiyo, lakini na fahari kidogo pia.

Fahari hiyo iliisha kwenye mkutano wa kumtafuta aliyewaua wadudu.

Mzee Makuru alikuwa anawapaka ng'ombe wake mafuta ya taa yaliyochanganywa na samli, kuua kupe. Kila mtu alijua, kwa sababu ukipishana naye harufu ilibaki njiani. Na kila mtu alikuwa amemsikia siku ile ya kwanza. Mtu mmoja alilisema kwa mafumbo, wa pili akalisema waziwazi, na baada ya hapo watu walikuwa wanasema kwa pamoja. Mama alikuwa amekaa mbele, mimi nimejibanza ubavuni kwake.

"Mzee," Mwenyekiti alisema, "jibu."

Mzee Makuru alisimama polepole. "Sikuwapenda wadudu wale," alisema. "Hata leo siwapendi. Lakini mimi nikichukia kitu nakisema mchana, mbele ya watu. Mlinisikia hapahapa. Sasa mtu aliyesema mchana, arudi kwa kujificha kufanya nini?"

Watu walikuwa wamechoka na magugu, na magugu hayawezi kuhukumiwa. Ikaamuliwa kwamba tangu siku ile ng'ombe wake wasikanyage mwaloni kunywa maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kuaga.

Kutoka hapo kila asubuhi, nikiwa naosha vyombo, ng'ombe wa Mzee Makuru walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu kwenda kunywa mbali, wakiuzunguka mlima mpaka upande wa pili, na walikuwa wanarudi jua kali, ndimi nje, wamejaa vumbi. Mkewe, Bibi Nyanjiga, alikuwa anawafuata nyuma. Siku ya kwanza alisimama akamsalimu Mama kama alivyokuwa anamsalimu miaka yote. Mama alikuwa anachochea moto. Hakuitika. Bibi Nyanjiga alingoja kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Nilitaka ardhi inimeze. Kila siku nilijiambia nitasema leo, na kila siku niliwaza: nikisema, watajua wadudu walimla Maiga, watasema Mama alimlisha mwanawe kwa wadudu. Au watasema sivyo kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Zilipita kama siku nne au tano. Tulikuwa mapumzikoni shuleni tuliposikia yowe kutoka mwaloni, yowe la wanawake, lile ambalo halina maneno. Tuliruka ua wa shule tukakimbia.

Mtumbwi ulikuwa umenaswa katikati ya magugu, mahali ambapo mtu angeweza kurusha jiwe likafika. Injini ilikuwa imenyanyuliwa, pangaboi lake limezongwa na mizizi. Mbele alikuwa amesimama mwanaume anapiga kasia majani bila faida. Nilimtambua. Alikuwa Bwire, mume wa dada yangu. Ndani ya mtumbwi, kati ya mbao mbili, mtu alikuwa amelala, na sauti iliyotoka pale nilikuwa naijua tangu nizaliwe.

Uchungu ulikuwa umempata Nyamisi alfajiri, kabla ya wakati wake. Kivuko hakikuwa kinatembea kwa sababu ya magugu, kuzunguka kwa barabara ni mwendo mrefu, na mkunga wa kule aliona damu akasema apelekwe hospitali Musoma haraka. Bwire alipata njia nyeupe katikati ya ghuba, akafurahi, akakaza mwendo. Upepo ukageuka akiwa anakaribia, magugu yakajifunga mbele yake na nyuma yake.

Mama alikuwa tayari majini mpaka kifuani na panga, anakata, analia bila sauti. Alichokata kilijirudi. Huwezi kuogelea kwenye magugu maji, na huwezi kutembea juu yake. Ndipo Edina, aliyekuwa amefika na pikipiki yake, akasema, "Leteni mlango." Watu wakang'oa mlango wa banda la nyavu, wakaulaza juu ya magugu. Edina, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko wote waliokuwepo, akalala kifudifudi juu yake, kamba kiunoni, akawa anajivuta kwa mikono. Mlango ulizama upande mmoja, akabingirika, akapotea mpaka kichwa, akaibuka na majani usoni, akaupanda tena. Alifika. Akaifunga kamba puani mwa mtumbwi.

Tukavuta. Saa ile wanaume wengi walikuwa makazini, pale tulikuwepo wanawake, wazee wachache na watoto wa shule. Mtumbwi ulisogea hatua mbili, magugu yakajikusanya mbele yake kama ukuta, ukakwama. Tukavuta tena. Miguu ilikuwa inateleza kwenye mawe yenye utelezi, kamba ikatuchuna viganja. Tukavuta tena. Haukusogea.

Kisha Nyamisi akanyamaza. Kelele zake zilikuwa zinanitisha, lakini ukimya ule ulikuwa jambo lingine.

"Hapa ni maksai tu," alisema mzee mmoja nyuma yangu.

Kila mtu alisikia. Watu walimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akatazama miguu yake iliyokuwa ndani ya tope.

"Nani atamwendea?" aliuliza.

Hakuna aliyeinua uso. Mama aligeuka kule majini, akatazama mlimani, mdomo ukafunguka, halafu nikaona amekumbuka salamu ile. Sikungoja. Nilikimbia. Nilipanda mlima ule kwenye miiba bila viatu, na sikuhisi kitu.

Nilimkuta Mzee Makuru uani kwake na mnyororo mkononi. Bibi Nyanjiga alikuwa kando yake. Nilimwangukia miguuni, pumzi haitoshi.

"Shikamoo Mzee. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwaga mafuta kwenye mabeseni. Siyo wewe."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani, na nimeshatazamwa na watu wenye madaraka.

"Najua siyo mimi," alisema. "Inuka. Chukua fimbo ile utangulie, uwaambie watoe watoto njiani."

Maksai wanne walishuka mlima ule wakikimbia, jambo ambalo sikujua maksai wanaweza. Watu walipisha. Hakumsalimia mtu, hakumtazama Mwenyekiti. Aliunganisha mnyororo wa jembe na kamba, akaangalia mtumbwi, akaangalia mawe, akawageuza ng'ombe wake wawili wawili. Kisha akazungumza nao kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na wakainamisha shingo.

Kamba ilikaza mpaka ikatoa maji. Kwa muda ng'ombe walikuwa wamesimama wanatetemeka tu, mishipa imewatoka. Halafu kule mbele kitu kikachanika, sauti kama ya nguo nzito, na zulia zima likaanza kuja, mtumbwi ukiwa ndani yake. Sisi tulikuwa tunakata kilichofika na kukitupa pembeni. Hatua kwa hatua. Karibu na mawe maksai wa nyuma, mweupe mwenye pembe moja iliyopinda, mguu wake ukaingia katikati ya mawe mawili. Tulisikia ulivyovunjika. Mzee Makuru alisikia pia, nilimwona amefumba macho. Hakuwasimamisha. Aliwasemesha tena wakamalizia hatua nne za mwisho, yule mweupe akiburuta mguu wake, mpaka pua ya mtumbwi ikagonga jiwe.

Mtoto alikuwa ameshatoka. Mama alipanda ndani, akainama, na tulimwona mgongo tu. Alikuwa anasugua kitu kwa khanga yake, anasugua, anapuliza, anasugua. Kisha kitoto kikakohoa, kikalia kilio chembamba kama cha paka. Nyamisi aligeuza kichwa. Alikuwa mweupe midomo, lakini aligeuza kichwa. Walipakiwa kwenye pikapu ya muuza barafu, Mama nyuma amewashika wote wawili, wakapelekwa hospitali. Waliishi, mama na mtoto, ingawa Nyamisi alikaa huko wiki tatu na hakuzaa tena.

Maksai yule alichinjwa palepale. Watu waligawana nyama. Mzee Makuru hakuchukua hata kipande, aliwafungua watatu waliobaki akawapeleka kunywa maji mwaloni, mbele ya kila mtu, na hakuna aliyemzuia.

Nilidhani atasema kuhusu mimi. Hakusema siku ile, hakusema kesho yake. Siku ya tatu, Mama aliporudi kutoka hospitali kubadili nguo, nilimweleza mwenyewe, yote, toka vidoa vya majani mpaka vidoa vya Maiga. Alikuwa anakunja kitenge. Aliendelea kukikunja mpaka kikawa kidogo kabisa.

"Tetekuwanga," alisema. "Hata wewe uliugua, hujafikisha mwaka. Kovu unalo hapa." Akagusa paji la uso wangu. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utasema ni kweli wanamla."

Hakunichapa. Alinishika mkono tukapanda mlima pamoja. Alipofika uani kwa Mzee Makuru alipiga magoti mbele ya Bibi Nyanjiga, akamwamkia, na Bibi Nyanjiga aliitika. Siku iliyofuata nilisimama kwenye mkutano nikasema tena, mbele ya watu wote. Wengine walicheka niliposimulia tetekuwanga. Mama hakucheka, na Edina hakucheka. Mwenyekiti aliomba radhi kwa niaba ya mtaa, akajikwaa maneno mara mbili. Msimu wa kulima ulipofika, kila nyumba ilitoa mtu na jembe la mkono, wakamlimia mzee yule shamba lote kwa sababu maksai watatu hawatoshi nira mbili.

Edina alileta wadudu wengine. Mabeseni yalijazwa tena, na safari hii kazi ya kubadilisha magugu ilikuwa yangu, kila siku baada ya shule, bila kukosa. Wakaachiwa. Polepole sana majani ya ziwani yalianza kuwa ya kahawia, yakajikunja, yakazama, mengine upepo uliyachukua, mengine tuliyavuta kwa mikono Jumamosi. Mpaka anakufa Mzee Makuru hakuwaamini wale wadudu. Alikuwa akipita uani kwetu anachungulia beseni na kuuliza, "Bado hawajawala ninyi?"

Kwa miaka mingi niliishi na simulizi hii kwa namna moja. Nilikosa, kweli, lakini nilikimbia mlima ule nikakiri, na kukiri kwangu ndiko kulikomfanya mtu aliyeonewa asamehe, ashushe ng'ombe wake, dada yangu akaishi. Niliwasimulia hivyo hata wanangu.

Mzee alipofariki nilikwenda Makoko kumpa pole Bibi Nyanjiga. Matanga yalikuwa yameisha, tulikuwa wawili tu, tunachambua mchicha. Nikamwambia sijasahau jinsi mzee alivyonisamehe siku ile, mpaka akakubali kuja.

Alisimamisha mikono, akanitazama kama hajanielewa.

"Akakubali kuja?" alisema. "Mwanangu, yowe tulilisikia sisi kabla yako. Wewe unafika, nira mbili zilikuwa zimeshafungwa, ananigombeza nimemchelewesha na mnyororo."

Niliuona ua ule tena, ng'ombe wanne wakiwa wamesimama wawili wawili, tayari, nyuma ya mgongo wake. Walikuwepo. Nilikuwa nimewaona.

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie ili iweje?" Bibi Nyanjiga alirudi kwenye mchicha wake. "Ulikuwa mtoto, miguu imejaa damu, na ulikuwa umekuja."